Oili kwenye tairi la nyuma: maswali yenu kuhusu ekseli

Plau zikisharudi bandani, maswali nayo hubadilika. Safari hii karibu wote mmeuliza jambo moja: trekta linavuja nyuma. Wengi wenu mna Massey Ferguson 135 (MF 135), trekta lililoanza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwishoni mwa 1964, na ambalo bado linalima huku kwetu kama vile halina habari na umri wake. Kwa hiyo majibu mengi yanalihusu hilo. Penye tofauti kwa matrekta mengine nimesema.

Shikamoo fundi. MF 135 langu linadondosha oili chini ya gurudumu la kulia la nyuma. Jirani anasema ni sili ya hafushafti. Nifungue? (Msomaji, Kibaigwa)

Marahaba. Usifungue bado. Inawezekana jirani yako amepatia kuwa ni sili (pete ya mpira inayozuia oili) ya hafushafti (shafti inayozungusha gurudumu), lakini oili haidondoki pale inapotokea. Huteremka kwenye chuma hadi ikute mahali pa kuning'inia. Chukua dizeli na brashi, osha upande wote wa nyuma, kuanzia kifuniko cha juu cha haidroliki hadi chini kwenye dramu la breki. Kausha kwa tambara, kisha nyunyiza unga wa chaki au jivu laini. Endesha trekta nusu saa, urudi uangalie na tochi.

Ikiwa unga umelowa kuanzia ukingo wa chini wa bamba la breki (sahani ya chuma iliyo nyuma ya dramu), na upande wa ndani wa tairi una mchirizi, basi ni sili ya hafushafti. Ukianza kulowa pale hausingi ya ekseli (ganda la chuma linalofunika shafti) inapoungana na kiwiliwili cha trekta, ni gasketi au bolti zimelegea. Kaza bolti kwanza kabla ya kutoa pesa mfukoni. Na ukikuta alama inatoka juu, kwenye mhimili wa mikono ya kunyanyulia, tatizo lako halina uhusiano wowote na ekseli. Hilo la mwisho ndilo linalowapotezea watu siku nzima: gurudumu limeng'olewa, dramu limetolewa, na sili iko nzima kabisa.

Nimeshahakikisha ni sili. Nina jeki ya tani kumi, spana na vijana wawili. Tuanzie wapi? (Msomaji, Babati)

Anzieni mbele, ingawa kazi iko nyuma. Ekseli ya mbele ya trekta hucheza juu na chini kwenye pini ya katikati. Ukinyanyua nyuma upande mmoja, trekta zima linaweza kulala upande. Chonga kabari mbili za mti mgumu, uzigonge kati ya ekseli ya mbele na fremu, kulia na kushoto, mpaka ekseli isicheze. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe. Weka jeki chini ya hausingi ya ekseli, nyanyua kiasi tu cha tairi kuacha ardhi, halafu weka magogo ya kubeba uzito. Jeki ni ya kunyanyulia. Asilale mtu chini ya trekta linaloshikwa na jeki peke yake.

Kabla ya kulegeza nati, uliza kama tairi lina maji ndani. Wengi hujaza ili trekta lishike ardhi, na tairi la ukubwa huo hubeba zaidi ya lita mia moja. Gurudumu la namna hiyo likianza kuanguka halizuiliwi na kijana wa miaka ishirini. Liachieni karibu na ardhi, lifungeni kamba, mliviringishe kando likiwa wima na kuliegemeza ukutani.

Sasa dramu. Legeza kwanza marekebisho ya breki, toa skrubu zinazolishika (zimeganda, hilo usitie shaka, zipige kidogo kabla ya kuzifungua), kisha ligonge taratibu kuzunguka ukingo litoke. Ukikuta brekishu (viatu vya breki) zinang'aa kwa oili, umepata tatizo la pili, nitalieleza chini. Fungua nati zinazoshika bamba la breki kwenye hausingi, na hafushafti itatoka ikiwa na bamba na beringi yake. Ni nzito, ishikwe na watu wawili. Kwa kuwa umenyanyua upande huo, oili nyingi imehamia upande wa pili, si lazima umwage yote. Weka beseni hata hivyo.

Hapa kuna vipande vyembamba vya bati kati ya bamba na hausingi. Hizo ni shimu. Zihesabu, zifute, zifunge kwenye tambara na uandike zimetoka upande gani. Fundi akizitupa akidhani ni mabaki ya gasketi, mwambie azitafute hadi azipate. Shimu ndizo zinazoamua shafti itacheza kiasi gani kuingia na kutoka, na kwenye 135 shafti mbili zinakutana katikati ya difu (gia za katikati zinazogawia magurudumu nguvu), kwa hiyo ukipunguza upande mmoja umegusa na ule mwingine. Vipimo viko kwenye kitabu cha trekta na ni vidogo mno kukisiwa kwa jicho.

Ili kufikia sili ya nje inabidi utoe pete ya chuma inayobana beringi kwenye shafti. Pete hiyo ilipachikwa kwa moto, haitoki kwa kubembelezwa. Toboa tundu kwa drili bila kufika kwenye shafti, halafu ipasue kwa tindo. Haitumiki tena, nunua mpya. Pete mpya huwashwa moto hadi ipanuke, ikateleza mara moja hadi mahali pake na kubana inapopoa. Ukiona fundi anaichomelea kwenye shafti kwa welding, simamisha kazi. Pete hiyo ndiyo inayozuia shafti na gurudumu lisitoke nje ukiwa njiani, na joto la welding huharibu beringi na kudhoofisha shafti.

Sili mpya: mdomo wenye springi hutazama upande ilipo oili. Paka mdomo oili, ukingo wa nje uupake silikoni kidogo sana. Iingize kwa kipande cha bomba kinacholingana na ukingo wake, au ubao bapa, ukigonga huku na huku ili iende sawa. Nyundo isiguse sili. Kama toleo lako lina sili ya ndani pia kwenye hausingi, badilisha zote mbili, maana kazi ya kufungua ni ileile. Wakati wa kurudisha shafti, mmoja ainyanyue isiburuze: meno yake ya mwisho yakipita juu ya mdomo wa sili ya ndani yanauchana kama wembe, na hutajua mpaka umefunga kila kitu. Jaza beringi grisi kabla haijaingia.

Fundi hujambo. Seal ya upande wa kushoto tumeibadilisha mara tatu msimu mmoja na bado oili inatoka. Ni seal fake ama? (Msomaji, Uasin Gishu)

Sijambo. Sili bandia zipo, tena nyingi, na njia rahisi ya kujikinga ni kwenda dukani na ile ya zamani mkononi, kupima kipenyo cha ndani, cha nje na unene kwa venia (kipimio cha fundi), kisha kuminya mdomo wa mpya uone kama mpira ni laini na springi imekaa. Lakini tatu mfululizo? Hapo mimi siilaumu sili.

Nyanyua gurudumu, mmoja ashike tairi juu na chini alisukume na kulivuta. Likicheza, beringi imekwisha au shimu hazikurudi zote. Shafti inayotikisika huupanua mdomo wa sili kila gurudumu linapozunguka, hata uweke sili ya dhahabu.

Ukiwa umetoa shafti, pitisha ukucha pale sili inapokaa. Ukucha ukikwama, kuna mfereji uliochimbwa na sili za miaka yote, na sili mpya inakaa ndani ya mfereji huohuo. Kuna dawa mbili: slivu nyembamba ya chuma inayovalishwa juu ya shafti, au, kama nafasi ipo, kuisogeza sili milimita mbili au tatu ili mdomo upate mahali pasipoliwa. Kupiga msasa hakuondoi mfereji, kunauongeza.

La mwisho ni tundu la kupumulia la ekseli. Oili ikipata moto hewa ndani hupanuka, na kama tundu limezibwa na vumbi na grisi, hewa itatafuta mlango mwingine, nao ni sili yako. Kulizibua ni kazi ya dakika tano, lakini kwa sababu hakuna kipuri cha kuuza hapo, dukani hakuna atakayekukumbusha. Na angalia kijiti cha kupimia oili: aliyejaza oili kupita alama ya juu amekuletea tatizo lilelile.

Tangu oili ianze kuvuja breki ya kushoto haishiki. Fundi amezitoa brekishu akaziosha kwa petroli na kuzichoma moto ili oili iungue. Zitafaa? (Msomaji, Kilosa)

Hazitafaa. Lining (utando wa brekishu unaosugua dramu) iliyokunywa oili huonekana kavu baada ya moto, ukikanyaga breki mara chache ikapata joto oili inatoka tena kutoka ndani. Vua lining, pigilia mpya, na dramu ulioshe vizuri. Lining za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, kwa hiyo vumbi la ndani ya dramu usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Lifute kwa tambara bichi.

Nataka kulisema hili kwa sauti ya juu kuliko mengine. Trekta lina pedali mbili za breki, kila gurudumu na yake. Barabarani tunaziunganisha ili zishike pamoja. Upande mmoja ukiwa na oili, ukikanyaga, ule mwingine ulio mzima unashika peke yake na trekta linageuka ghafla. Ukiwa na tela la mahindi nyuma, kwenye mteremko, hiyo ni ajali. Watu huhesabu oili inayopotea, kumbe hasara kubwa imekaa ndani ya dramu. Trekta lisitoke shambani mpaka breki zote mbili zishike sawasawa.

Tofauti: kama una MF 290 au MF 375, breki zake zimezama ndani ya oili kwa makusudi. Huko oili kwenye breki si ugonjwa, ila inatakiwa iwe oili ya aina iliyotajwa kwenye kitabu, siyo oili yoyote ya gia.

Nimeshauriwa niweke oili nzito ya 140 ili isivuje. Unasemaje? (Msomaji, Ifakara)

Kwa 135, hapana. Giaboksi, difu na haidroliki zinatumia oili moja, na pampu ya haidroliki imekaa humohumo ndani ikiivuta. Asubuhi ya baridi oili ya 140 haipiti vizuri kwenye pampu, plau linanyanyuka kwa kusuasua na pampu inaumia. Utakuwa umeokoa sili ukaua pampu, na bei zake hazikaribiani.

Tunalima majaruba. Oili ya nyuma imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, na inavuja. (Msomaji, Mbarali)

Ni maji. Trekta limezama kwenye jaruba kupita sili, na sili inayotoa oili likiwa kavu huingiza maji likiwa ndani ya maji. Usiendelee kulima nalo, kwa sababu maji yanakula beringi na pampu. Liache lisimame usiku kucha, fungua nati ya chini asubuhi; maji yatatangulia kutoka. Mwaga yote, weka oili mpya ya bei nafuu lakini ya aina sahihi, endesha taratibu hadi ipate joto ukinyanyua na kushusha mikono, kisha mwaga tena ndipo ujaze ile nzuri.

Kagua pia sili ya PTO (shafti ya nyuma inayoendesha mashine zinazofungwa kwenye trekta). Huko kwenye mpunga majani na kamba za nailoni hujizungusha kwenye shafti, huingia chini ya sili na kuikata. Kisu na dakika chache kila jioni vinatosha.

Ford 5000 langu: oili ya giaboksi inapungua, ya ekseli inaongezeka, na sasa magurudumu yote mawili yanavuja. (Msomaji, Magugu)

Umeshajijibu nusu. Ford za aina hiyo zimetenganisha oili ya giaboksi na ya ekseli, kwa hiyo kuna sili ya ndani kati ya vyumba viwili imekufa. Chumba cha nyuma kinajaa, oili inapanda, inasukuma sili za magurudumu. Usizinunue za magurudumu kwanza. Punguza oili ya nyuma hadi kwenye alama, uangalie kama kuvuja kunakoma. Ile ya ndani inahitaji kulitenganisha trekta, na hiyo ni kazi ya karakana yenye vifaa vya kulibeba pande zote mbili, si ya chini ya mwembe.

Linadondosha matone machache tu kwa usiku. Naweza kuvumilia hadi msimu uishe? (Msomaji, Mwea)

Inategemea yanatoka wapi. Kwenye kiungo cha hausingi, vumilia, ukipima kijiti kila asubuhi trekta likiwa mahali tambarare na mikono ya haidroliki imeshushwa. Yakitoka kwenye bamba la breki, hapana, hata kama ni tone moja. Toa dramu wiki hii.