Maiki imekufa, au inasikiliza kwingine?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Mimi ni katibu wa kwaya ya kanisa letu hapa Shabab, Nakuru. Kompyuta yangu ni ile ya mezani ambayo mashine yote iko ndani ya skrini, inatumia Windows 10, na maiki yake iko humo humo. Kila Alhamisi usiku huongea na binti yangu aliye Sharjah. Wiki mbili sasa tunaonana, namsikia vizuri, lakini yeye hanisikii hata pumzi. Jamaa mmoja mjini alinitoza mia tano ya kuangalia tu, akasema maiki imekufa na kuibadilisha ni elfu sita. Kamera niliifunika kwa selotepu, silipendi lile jicho. Mjukuu pia alikuja likizo na hedifoni yake ya gemu isiyo na waya, akarudi kwao Eldoret. Nilipe? — *Mama Kwaya*

JIBU: Mama, hizo elfu sita ziache kwanza kwenye simu yako. Maiki ya ndani ni kidude kidogo kuliko punje ya ndengu, na katika mashine nilizofungua, zilizokufa kweli ni za kuhesabu.

Lililonishtua katika barua yako ni hilo “hata pumzi”. Maiki iliyozibwa na selotepu au vumbi (na jina lenyewe Nakuru, Wamaasai walilitoa kwenye vumbi) bado hupitisha sauti, ila ya mtu anayeongea ndani ya blanketi. Kimya kabisa ni kesi nyingine. Ama Windows imeifungia mlango, ama kompyuta inasikiliza mahali pengine. Na hapo mimi namtazama mjukuu.

Hedifoni za namna hiyo huja na kidubwasha cha kuchomeka kwenye USB, kama kile cha mausi isiyo na waya. Pitisha mkono nyuma ya kompyuta. Ukikikuta, basi mashine yako bado inaamini maiki yake ni ile ya hedifoni, na hedifoni iko Eldoret ndani ya begi la shule. Kichomoe.

Kisha bonyeza kitufe chenye nembo ya dirisha pamoja na herufi I. Ingia System, halafu Sound, ushuke hadi palipoandikwa Input. Chagua maiki ya ndani. Mara nyingi jina lake lina neno Array au Realtek. Sasa ongea. Hapo chini kuna mstari unaopaswa kurukaruka kwa sauti yako. Ukiruka, maiki iko hai na mia tano yako ililiwa bure.

Usipotikisika, rudi mwanzo uingie Privacy, kisha Microphone. Swichi ni zaidi ya moja, na watu huwasha ya juu wakaondoka. Shuka mpaka mwisho: kuna nyingine ya programu za kawaida za mezani, nayo iwe imewashwa. Tangu masasisho ya mwaka 2018 swichi hizi zimenyamazisha watu wengi ambao hawakugusa kitu.

Jaribio langu ninalolipenda ni kufungua programu ya Windows ya kurekodi sauti na kuimba ubeti mmoja. Wewe hilo si kazi. Ukiisikia sauti yako vizuri humo lakini binti hakusikii, tatizo liko kwenye programu mnayopigiana. Nayo ina mahali pake pa kuchagua maiki, na huenda bado imeng'ang'ania ile ya mjukuu.

Selotepu isogeze. Kando ya kamera tafuta vitundu kama vya ncha ya sindano, kimoja au viwili: hayo ndiyo masikio. Funika jicho, acha masikio. Vumbi litoe kwa brashi laini, kavu. Sindano usitie! Ndani kuna utando mwembamba, ukiutoboa hapo ndipo yule jamaa atakuwa amesema kweli.

Wenye kompyuta za kasha, zile tunazoita CPU, hili haliwahusu. Mzee mmoja wa Njoro aliniletea kasha lake kwa bodaboda nimtafutie maiki ya ndani. Haimo. Kuna tundu la waridi nyuma, unachomeka ya kwako.

Yote yakishindikana, chomeka earphone za simu zenye maiki kwenye tundu la sauti; kompyuta nyingi za aina yako huzikubali, na Alhamisi haitapita bila mazungumzo.

Na kile kidubwasha ukikipata, kitume Eldoret na matatu ya kwanza. Kijana naye anadhani hedifoni yake imekufa.