Sylvia Browne aliona nini hasa?

Dada, umeuliza kama Sylvia Browne, yule mama wa Marekani ambaye shangazi yako wa Umoja anakutumia video zake, alikuwa na kipaji cha kweli cha utabiri, kama alivyodai. Mimi nasema hapana.

Alizaliwa Kansas City mwaka 1936, akavuma kupitia televisheni, hasa kipindi cha Montel Williams. Vitabu viliuzwa sana, na kuongea naye kwa simu kuligharimu mamia ya dola. Sasa sikia hili. Mwaka 2004, kwenye kipindi hicho, alimwambia mama mmoja wa Cleveland kwamba binti yake aliyepotea hayuko hai. Yule mama akafariki 2006. Mei 2013 binti akatoroka nyumba aliyofungiwa, mzima! Na si yeye tu: wazazi wa mvulana wa Missouri waliambiwa vivyo hivyo 2003, mtoto akapatikana hai 2007.

Mwaka 2001 alikubali, mbele ya kamera, kupimwa na James Randi, mwanamazingaombwe aliyewafichua wadanganyifu, ambaye wakfu wake uliahidi dola milioni 1 kwa yeyote atakayethibitisha kipaji cha aina hiyo. Hakupimwa hadi kufa. Alisema pia angeishi hadi miaka 88. Alifariki Novemba 2013 akiwa na 77.

Kwangu hana tofauti na wale waganga wa vibandiko kwenye nguzo za stima pale mjini, ila huyu alikuwa na studio. Na kama kuna mtu anamwomba shangazi pesa kwa M-Pesa ili "asomewe nyota", mzuie leo.