Kroshia ya kikapu: usome mfumo wenyewe, video itakuchelewesha

Wiki iliyopita niliweka picha ya blanketi la mtoto la rangi ya maziwa, la mtindo wa kikapu, limejaa miraba iliyoinuka na iliyozama ikipishana. Wengi walioniandikia waliuliza bei. Dada mmoja wa Tukuyu akaniandikia hivi: "Dada, hiyo ya kikapu nimeangalia video mpaka bando likaisha. Kila nikijaribu miraba haionekani, yanatoka matuta tu. Nakosea wapi?" Namjibu hapa, maana najua mko wengi mliochoka na vitambaa vya makochi na mnataka kazi inayoheshimika.

Mimi kroshia niliianzia kwenye kikundi cha akina mama hapa Mbeya. Tulifuma vitambaa, kofia na soksi za watoto, kazi za kawaida. Alikuwepo mama mmoja aliyeijua mitindo ya kuinuka. Ukimsogelea anageuza kiti, na kazi yake anaifunika kwa khanga mapajani. Nilipomwomba anionyeshe alinijibu, "Mwanangu, hii ya wakubwa." Na mimi wakati huo ni mtu mzima, nina watoto wanasoma. Angenidai ada ningelipa. Alitaka tu ajue peke yake. Neno lile linaniuma mpaka leo na sioni sababu ya kulificha.

Aliyenifundisha hatimaye ni blanketi la mtumba. Nililikuta soko la Mwanjelwa, limechanika pembeni, muuzaji analitupa tupa tu kwenye rundo. Nikalishika nikaona miraba ile ile. Kroshia halisi haifumwi na mashine, ni mkono wa mtu tundu kwa tundu, popote duniani lilikotoka blanketi lile. Nikalinunua kwa bei ya nguo ya kudekia. Nyumbani nikatafuta fundo la mwisho, nikalikata, nikaanza kufumua taratibu. Navuta kidogo, nasimama, natazama uzi umetokea wapi. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho yule mama alikuwa anakifunika: uzi haukutoka juu kwenye kichwa cha nguzo, lile tundu refu linalosimama wima, kama tulivyozoea. Ulitoka kiunoni.

Ndiyo kazi yote hiyo. Kwenye kroshia ya kawaida sindano inaingia juu, chini ya zile nyuzi mbili za kichwa. Kwenye kikapu unakiacha kichwa, unaikumbatia nguzo ya mstari wa chini. Ukitaka iinuke, zungusha uzi mara moja kwenye sindano, ingiza sindano kutoka mbele upande wa kulia wa nguzo, ipite nyuma yake, itokee tena mbele upande wa kushoto. Utaiona nguzo imelala juu ya sindano. Vuta uzi, malizia kama nguzo yoyote. Ukitaka izame, ingiza kutoka nyuma, pita mbele ya nguzo, rudi nyuma. Anayetumia mkono wa kushoto abadili kulia na kushoto tu.

Fuma 4 za kuinuka, 4 za kuzama, mpaka mwisho wa mstari. Sasa dada wa Tukuyu, hapa ndipo matuta yako yanapozaliwa. Ukigeuza kazi, zile ulizozizamisha zinakutazama zimeinuka, na ulizoziinua zinaonekana zimezama. Usikumbuke ulifanya nini mstari uliopita. Tazama kilicho mbele ya macho yako sasa hivi: kilichoinuka kiinue, kilichozama kizamishe. Ukifika mistari 4, ndipo ubadili, kilichoinuka ukizamishe. Ukibadili kila unapogeuza, utapata matuta kila siku. Video nyingi zinakuambia hesabu ya mstari lakini hazikuambii utazame, na ukipoteza hesabu huna pa kurudi. Anayeusoma mfumo, yaani kazi yenyewe iliyo mkononi, hata akiiacha wiki nzima, akiishika anajua alipo.

Hesabu ya blanketi langu ni hii. Minyororo 100, nguzo ya kwanza kwenye mnyororo wa tatu kutoka kwenye sindano, zinabaki nguzo 98. Hizo ni 96 za miraba na moja moja ya kila pembeni, ambazo nazifuma kawaida ili ukingo usipinde. Mstari wa kwanza wote ni nguzo za kawaida, kikapu kinaanza mstari wa pili. Kila nikigeuza naweka minyororo 2, wala siihesabu kuwa nguzo. Usiweke 3, kwa sababu nguzo za kukumbatia zinakuwa fupi na pembeni patalegea. Kama uzi huo kawaida unaufumia sindano ya milimita 4, chukua ya 5, la sivyo blanketi litakakamaa. Kwangu inatoa upana wa karibu sentimita 70. Nunua uzi wa kutosha kabla hujaanza, maana mtindo huu unakula uzi kuliko kazi ya bapa. Rangi iwe nyepesi, ya aina moja. Nyeusi na nyuzi za rangi mchanganyiko zinaimeza miraba yote. Na kama uzi si pamba ni wa akriliki, pasi ya moto usiisogeze: miraba italala na haitaamka. Lowesha, kamua kwa taulo, tandaza lisawazike mpaka likauke.

Ukisoma maelezo ya nje, angalia yameandikiwa Marekani au Uingereza. Nguzo hii tunayoifuma hapa, Wamarekani wanaiita dabo, Waingereza wanaiita trebo.

Mengine yote ni kutazama. Narudia kwa sababu najua mtarudi kwenye video. Tazameni kazi, dada zangu. Fumueni bila hasira, mstari mmoja mmoja, muone sindano ilipopita. Na mkishajua, msifunike mapajani. Binti akija na sindano yake mwache akae karibu kabisa aone mkono wako. Kwangu wanakuja Jumamosi, hawalipi kitu, na wateja wangu hawajapungua.

Kuhusu bei, acheni kuogopa. Kuna mteja aliwahi kuniambia kwa bei yangu atanunua mablanketi mawili ya dukani, akaondoka anacheka. Mwezi huu wa sita, Mbeya imeganda kwa baridi, amerudi kwa ajili ya mjukuu wake. Nikamgeuzia blanketi aone upande wa nyuma ulivyofanana na wa mbele, nikamwekea mkononi alipime uzito. Bei ilikuwa imepanda, nikamtajia hiyo hiyo mpya. Akalipa yote, na ameagiza la pili.