Mzee ana mpira wa mkojo na "UTI sugu": mkojo uoteshwe kwanza

Mkuu, umesema baba yako wa Mbagala anasubiri upasuaji wa tezi dume, ana mpira wa mkojo, na kila akipimwa mnaambiwa UTI sugu. Pole. Nimemuuguza baba mkwe hapa Temeke akiwa katika hali hiyohiyo.

Antibiotiki za sipro, azuma, kisha sindano za seftriaksoni: zote mmemaliza, na mkojo haujaoteshwa hata mara moja, yaani maabara haijakuza bakteria wake ili kujua ni wepi na dawa gani inawaua! Kile kipimo cha haraka cha mtaani kinaona usaha, na mwenye mpira usaha haukosi. Mpira ukikaa kama mwezi, karibu kila mgonjwa huwa na bakteria. Hujishika ndani ya mpira na kujijengea utando ambao dawa haiupenyi vizuri. Mzee akiwa hana homa, hatetemeki, haumwi ubavu wala hajachanganyikiwa, kwa kawaida bakteria hao hawatibiwi. Ukiwapiga dawa, wanyonge wanakufa, sugu wanabaki na nafasi.

Baba mkwe alipopata homa ya kweli, daktari aliagiza mpira utolewe, uwekwe mpya, ndipo mkojo uchukuliwe. Siyo ule wa kwenye mfuko, umeshalala. Majibu huchukua siku 2 hadi 3. Yake yalionyesha bakteria aitwaye Klebsiella: sipro R, seftriaksoni R, yaani sugu. S, yaani dawa zinazomuua, zilikuwa chache, meropenemu mojawapo. Bakteria wa namna ile hutoa vimeng'enya vinavyovunja seftriaksoni, kwa hiyo kuongeza sindano ni kumwaga hela. Meropenemu nayo ni ya mshipa, alilazwa, na bei yake tuliisikia mifukoni.

Aliyekushauri nitrofurantoini hajakosea kwa UTI ya kibofu, ila dawa hiyo haifiki vizuri kwenye tezi dume, wala haifai figo zikiwa dhaifu. Na hao wauza mizizi watakaokufuata PM (ujumbe wa faragha), achana nao.

Homa ikija na kutetemeka, msingoje majibu. Hospitali usiku huohuo: mkojo uchukuliwe, dawa ianze, itabadilishwa majibu yakitoka.

Mfuko ukae chini ya kibofu muda wote. Kwenye bajaji watu huupakata mapajani, mkojo unarudi ndani.

Kuna wakati mmoja hata asiye na homa huoteshwa mkojo na kutibiwa: kabla ya upasuaji wenyewe wa tezi. Mkipewa tarehe, ulizeni kipimo kitafanyika lini ili majibu yawahi.