Adhabu peke yake haitoshi

Ndugu, umeuliza kama faini kali zitawafanya wafanyakazi wa vinu vya nyuklia wafuate kanuni za mionzi. Mimi nasema anza na mshahara. Pale Fukushima Daiichi, kinu cha nyuklia cha Japani kilichopata ajali Machi 2011, mwezi Desemba mwaka huohuo kiongozi wa kampuni ya mkandarasi mdogo aliwaambia watu wake wafunike vipima mionzi vyao kwa vibao vya madini ya risasi ili visome kidogo. Kwa nini? Akifikia kikomo cha mionzi, yaani kiasi cha juu anachoruhusiwa kupata, kibarua anaondolewa eneo lile, na kazi imeisha. Hapo unamtaka achague kati ya afya yake na ugali wa watoto! Mhakikishieni kwamba akifikia kikomo atahamishiwa kazi nyingine kwa malipo yaleyale, na atakivaa kipimo bila kukificha.

Halafu kuna kengele ya kipima mionzi, inayolia mionzi ikizidi. Machi 24, 2011, palepale, mafundi waliokuwa wakitandaza nyaya waliendelea na kazi ndani ya maji yenye mionzi ilhali vipima vyao vinalia. Walidhani vimeharibika. Wawili walikuwa wamevaa viatu vifupi, maji yakawafika miguuni. Kengele ikilia, kila mtu atoke kwanza, maswali baadaye, na msimamizi asimlaumu aliyetoka hata kama kipimo kilikosea. Mazoezi yafanyike kwenye chumba cha mfano kisicho na mionzi, na vibarua wa wakandarasi wawemo, maana wao ndio husahaulika.