Gavana aliyegusa bendera

SWALI: Mhariri habari za kazi. Hapa kijiweni Kasulu tumebishana mpaka abiria wa boda wametukimbia, mwenzetu mmoja kashikilia kwamba mwanasiasa wa Marekani akigusa tu zile alama za kibaguzi basi kajimaliza, kura hapati tena. Ni kweli au anatupiga fiksi?
Msomaji, Kasulu, Kigoma

JIBU: Kaka, fiksi siyo, ila kawapa nusu. Mchukue David Beasley, alikuwa gavana wa South Carolina, mtu wa Republican, na kwenye kampeni alishaahidi bendera haigusi. Bendera yenyewe ni ile ya Confederate, ya majimbo ya kusini yaliyopigana 1861 mpaka 1865 ili watumwa wasiachiwe, ilikuwa inapepea juu ya kuba la bunge la jimbo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sasa 1996 jamaa akageuka, akatokea kwenye TV akasema ishushwe. Wabunge wakagoma, wazungu waliompa kura wakamuona msaliti, 1998 akapigwa chini. Yaani ugavana umeenda na bendera iko palepale! (Ingawa wenye mashine za kamari nao walimwaga hela kumng'oa, tusiisingizie bendera peke yake.)

Roy Barnes, gavana wa Georgia, naye hivohivo, 2001 akabadilisha bendera ya jimbo iliyobeba alama hiyohiyo ya Confederate, 2002 akaanguka, japo walimu nao walikuwa na hasira naye.

Ila kujimaliza? Huyo Beasley ndo aliyekuja kuwa bosi wa WFP, Shirika la Chakula Duniani la Umoja wa Mataifa, 2017 hadi 2023, hao hao wanaotoa mgao wa chakula hapo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwenu, na 2020 shirika likapata Nobel ya amani akiwa yeye ndo mkuu.

Bendera ilishushwa kwenye kuba mwaka 2000, wakaichomeka kwenye mlingoti hapohapo uwanjani. Ikaondoka kabisa Julai 2015, baada ya kijana mbaguzi kuua watu 9 weusi kanisani Charleston. Gavana Nikki Haley akasaini, akasifiwa dunia nzima, baadaye akawa balozi Umoja wa Mataifa. Mi simnyimi sifa zake, lakini angalia: kule gavana ana mwisho vipindi viwili mfululizo, na yeye cha pili alishakipata 2014, kwa hiyo hakuwa na kura ya ugavana ya kuogopa tena.