Diploma ya sheria ya Kinshasa na ya Kasapa

Ndugu yangu, umeandika kwamba mbunge aliyesomea sheria Kinshasa ni mwanasheria kamili, na aliyetoka Kasapa, kampasi ya chuo kikuu hapa kwetu Lubumbashi, ni wa daraja la pili. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa kimoja, UNAZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre), ikagawa vitivo kwa miji, na kitivo cha sheria kikawekwa Kinshasa, hivyo kijana wa Lubumbashi aliyetaka sheria miaka hiyo alilazimika kusafiri hadi huko. Basi wazee wengi wanaojivunia diploma ya Kinshasa hawakuichagua kwa ubora wake, ingawa hilo hulisikii kwenye karamu za wahitimu. Tena, kwa sheria ya mwaka 1979 inayosimamia uwakili, mwenye diploma anayetaka kuwa wakili, awe wa huku au wa kule, hupitia mazoezi ya miaka miwili chini ya wakili mzoefu. Neno "Maître", cheo wanachoitwa mawakili, lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango la kampeni halionyeshi kama mgombea aliyamaliza mazoezi hayo, na mimi ningemwuliza hilo kabla ya jina la chuo.